Mkazamwana Asiyetaja Jina

Delgermaa hakumpa mtu kikombe mkono ukiwa wazi. Kila asubuhi, chai ya maziwa ikishachemka, alishusha mikono ya joho lake mpaka kwenye vidole, akashika kikombe kwa mikono miwili, akampelekea baba mkwe aliyekaa pale pa heshima, nyuma ya jiko. Mzee alipiga funda moja, akatazama juu kwenye tundu la moshi, akasema, "Chumvi." Ikitiwa nyingi, chumvi. Ikitiwa kidogo, chumvi. Hakuna aliyejua kama imezidi au imepungua, na Delgermaa hakuuliza. Mkazamwana hamhoji mzee.

Wala hamtaji jina. Afadhali uangushe chungu cha maziwa kuliko kulitoa jina la baba mkwe mdomoni. Mama mkwe, Handaa, aliolewa akakuta baba mkwe wake anaitwa Chuluun, yaani jiwe, na tangu siku hiyo mawe yote ya mlimani aliyaita "magumu." Mzee yule ameshakufa zamani, lakini hata leo ukimwomba Handaa jiwe la kuegemeza mlango, atakwambia, "Chukua lile gumu pale."

Basi Delgermaa naye hakulitaja la mkwe wake, na hakuna aliyeona ni shida, mpaka mumewe alipopata chumba.

Mumewe, Ulzii, alikuwa Korea akichomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli. Miaka yote alilala bwenini. Sasa kiwanda kimempa chumba cha mtu na mkewe, kwa sharti mke awe amefika kabla baridi haijaisha, kwa hesabu ya nyumbani kabla barafu ya mtoni haijayeyuka.

"Ukichelewa wanampa mwingine," alisema kwenye simu. "Mimi narudi kulala na wanaume sita wanaokoroma kwa lugha nne. Delgee, njoo, nakuomba. Na kazi nimekuulizia, jikoni kwa wafanyakazi."

Bosi wa jiko alimpigia Delgermaa simu ya video. Mama mmoja mnene, kilemba cheupe, na kijana wa kumtafsiria pembeni.

"Anauliza umewahi kupikia watu wangapi kwa mara moja."

"Wakati wa kunyoa kondoo hema linajaa, na nje wanakaa wengine."

"Wanakula wanamaliza?"

"Wanakwangua sufuria mpaka namwogopea mwenye kijiko."

Yule mama akacheka kabla hajatafsiriwa. Kazi akaipata, ila akatakiwa cheti cha kuonyesha kweli anajua kupika. Delgermaa akapanda farasi mpaka ofisi ya wilaya. Karani wa pale, Bwana Dambii, aliutazama muhuri wake, akamtazama na yeye.

"Dada yangu, mimi ni mtu wa serikali. Siwezi kugonga muhuri kwenye chakula nisichokionja."

Kesho yake Delgermaa akarudi na nyama ya kondoo na unga, akamkandia palepale kwenye jiko la ofisi maandazi ya nyama ya kupikwa kwa mvuke. Bwana Dambii akala, akalegeza mshipi, akala tena.

"Hapo nimekagua upande mmoja," alisema. "Upande wa pili nitakagua kesho."

"Kesho unakagua na mke wako akiwepo," alisema Delgermaa. Muhuri ukagongwa.

Ikabaki viza. Huko mjini, kwenye ubalozi wa Korea, watu walikuwa wanahojiwa, maana wako wanaonunua ndoa kama wanavyonunua viatu. Handaa akaamua kumfundisha. Akavaa kofia ya mzee na miwani ya mzee, akakaa juu ya kasha.

"Wewe mwanamke! Jina kamili la mumeo!"

Sasa kwao mtu hana jina la ukoo la kujificha nyuma yake. Jina kamili ni lako na la baba yako.

"Ulzii," alisema Delgermaa, "wa... wa huyu mzee aliyelala hapo."

Mzee alikuwa amelala ule usingizi wa kusikiliza.

"Mzee gani?" Handaa akakaza. "Serikali inauliza!"

"Mama, basi nitajie wewe kwanza, nikufuate."

Handaa akafungua mdomo. Akaufumba, maana la mume nalo halitajwi. Akavua miwani. "Haya maswali ya kipuuzi," alisema, "hawawezi kuyauliza."

Waliyauliza. Delgermaa alisafiri mpaka mjini, akafikia kwa wifi yake, asubuhi akasimama kwenye dirisha la kioo. Upande wa pili alikaa msichana wa mjini aitwaye Misheel, kucha ndefu, anatafuna ubani.

"Jina kamili la mume, dada."

"Limo kwenye karatasi."

"Najua limo. Karatasi hata wakala anajaza. Nataka kutoka kinywani mwako."

"Ulzii. Wa baba yake."

"Kila mtu ni wa baba yake, dada. Anaitwa nani?"

"Nikuandikie?"

"Sitaki kuandikiwa. Umesema hapa unaishi nyumba moja na huyo baba mkwe, kila siku unampikia chai. Jina lake hulijui?"

"Nalijua."

"Litaje."

Mtu wa nyuma kwenye foleni akakohoa. Misheel akaacha kutafuna.

"Dada, ndoa za kununua tunaziona kila siku. Nakupa mpaka Ijumaa. Ukija na mdomo huohuo naandika hapana, na hiyo hapana mwaka huu haifutiki."

Delgermaa akapiga simu nyumbani akilia. Akamweleza Handaa, na Handaa akasimulia hema zima kwa sauti, kama vile mzee hayumo. Mzee alitoka, akachinja kondoo, maana huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, akapanda basi la mjini.

Ijumaa akaingia ofisini na kofia yake ya mbweha. Mlinzi alimtoa kisu kiunoni, akamtoa kisu kingine kwenye buti, akaomba na kichupa cha ugoro. "Hicho," alisema mzee, "utakichukua nikifa." Akaachiwa.

Alipofika dirishani akakipitisha kile kichupa kwenye uwazi wa kuwekea karatasi.

"Babu, haturuhusiwi kupokea kitu," alisema Misheel.

"Si kitu, binti yangu. Ni salamu."

Mabishano yale yakamtoa ofisini mkubwa wao, Mkorea wa makamo, Bwana Cho. Yeye alishakaa sana nchini. Akapokea kichupa kwa mkono wa kulia, akanusa, akapiga chafya mpaka tai ikaruka begani. Mzee akaridhika, akamgeukia Delgermaa.

"Mwanangu, taja. Nimekupa ruhusa mimi mwenyewe."

Delgermaa akamtazama, na mambo yakaharibika zaidi. Kulitaja akiwa mbali ilikuwa ngumu. Kulitaja usoni pake, ni kama kuvua kilemba sokoni.

"Siwezi, baba, na wewe upo hapa."

Mzee akashusha masikio ya kofia, akayafunga kidevuni, akageukia ukuta. "Sipo."

"Babu, tunakuona," alisema Misheel.

"Mnamwona mtu mwingine."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na mama mmoja akasema amwache mtoto wa watu, yeye mwenyewe la mkwe wake hajawahi kulitaja. Misheel akamgeukia mkubwa wake, akaanza kumweleza kwa Kikorea, mikono ikienda huku na huku. Bwana Cho akasikiliza, akaacha kutabasamu. Akavuta kiti, akakaa yeye dirishani, akasema kwa lugha ya Delgermaa, polepole:

"Mama, hata kwetu jina la baba halirushwi zima zima. Mtu akikuuliza baba yako nani, unalimega. Kipande, unapumzika. Kipande kingine, unapumzika. Hapo hujamwita mtu. Umetoa vipande tu."

Delgermaa akashusha mikono ya joho mpaka kwenye vidole. Akainama, akasema kuiambia sakafu:

"Luv."

Akapumzika, kama alivyoelekezwa.

"San."

Akapumzika tena. Uso umeiva kama kaa la moto.

"Dorj."

"Naam!" aliitika mzee kule ukutani, kwa sauti ya jeshini, visigino pamoja. Akashtuka mwenyewe. Akabaki anauangalia ule ukuta.

Bwana Cho akachukua kalamu. "Wa kununuliwa," alimwambia Misheel, "angelitaja tangu siku ya kwanza."

Barafu ya mtoni ilikuwa bado inabeba gari siku alipoondoka. Dereva alikuwa anapiga honi nje, Handaa ameshatoka na ndoo ya maziwa ya kumwagia njia iwe ya baraka. Delgermaa akabaki ndani na mzee. Mzee akamvuta kichwa, akamnusa paji la uso kama anavyonuswa mtoto, lakini hakumwachia mkono.

"Tangu mama yangu afe," alisema, "hakuna aliyeniita. Huyu mama yako ananiita 'wewe'. Watu wananiita mzee. Siku ile ulilimega. Hebu litaje zima, nisikie."

Delgermaa akafikiri. Akafungua mdomo kweli.

"Baba," alisema mwishowe, "hapa hakuna dirisha la viza."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akamwachia mkono. Delgermaa akajitwika begi, akainama mlangoni, akavuka kizingiti bila kukikanyaga. Maziwa ya Handaa yalimfuata nyuma, mengine yakamwagikia gari. Msafiri hageuki, na yeye hakugeuka.