Ahsante, Tumeshiba

Kuna watu wakiambiwa karibu, wanakaa. Sikujua kama watu wa namna hiyo wapo mpaka wazee wawili wa Kizungu, watu wa misheni, walipopanga nyumba inayotazamana na yetu hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka ule tuliporudi kutoka ukimbizini.

Kwetu mtu akiwa anakula na mwingine akapita, husema "karibu." Ni lazima, usiposema wewe mchoyo, na mama yako mchoyo kabla yako. Anayepita naye ana lake la lazima: "Ahsante, nimeshiba," hata kama tumbo linamlia, halafu anakwenda zake. Basi, yameisha. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyepunguziwa mchuzi. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Wazee wale walikuwa na miaka sabini na kitu kila mmoja, wajukuu kumi na wanne, na Kiswahili walichojifunza huko bara walikotumwa ujanani mwao, na hawakulijua.

Siku ya kwanza bibi yangu alikuwa kibarazani, ametandika mkeka, ugali wa muhogo na samaki tasi wa nazi viko kwenye sinia. Mimi nilikuwa nafunga viatu niende shule. Wakapita. Mzee mbele, shati jeupe, tai, kibati cha jina kifuani. Mkewe nyuma, sketi ndefu ya maua na soksi. Soksi, saa sita ya mchana! Bibi akasema, kama mtu anavyopiga chafya, "Karibuni."

Mzee akasimama. Akamtazama mkewe kama aliyeitwa jina lake redioni.

"Asante sana, Bibi! Tunakaribia!"

Wakakaribia kweli. Mzee alikaa kwa mafungu: goti, mkono, "oho," halafu makalio. Mkewe akauliza kama kuna kijiko. Nikaingia ndani kutafuta kijiko huku nimeng'ata ulimi, maana mimi nikiwa na hasira siongei, na nikiwa sina hasira pia siongei. Mwalimu wetu wa Kireno aliandika kwenye daftari langu kwamba nina akili lakini sina sauti. Sauti ninayo, iko kwenye daftari hilohilo, kurasa za nyuma.

Nilipotoka na kijiko nikawakuta wamefumba macho wanaomba. Bibi alishasema bismillahi yake zamani, inzi wameshatua, wao bado wanamshukuru Mungu kwa samaki, kwa nazi, kwa mikono iliyokuna nazi, kwa siku, kwa jua. Kwa jua! Nani anashukuru jua la hapa mwezi wa kumi na mmoja? Nikaondoka. Nyuma nilimsikia bibi, "Kuleni, kuleni, mimi nimeonja jikoni."

Hilo la kuonja jikoni lilinichoma zaidi ya yote. Nitasema kwa nini.

Tulipokuwa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, tumebanana kwa ndugu, bibi alikonda mpaka bangili zikawa zinaangukia kwenye beseni la kufulia. Tuliporudi tukasema sasa atanenepa, kwake kwake. Hakunenepa. Nesi wa kituo cha afya alimpandisha kwenye mizani, akatikisa kichwa, akasema, "Bibi, mwezi ujao nakupima tena. Nikikuta hivihivi nakuandikia barua, unakwenda kulazwa Pemba." Bibi akashuka kwenye mizani bila kushikwa mkono. Njiani akaniambia, "Pemba sirudi. Wakiniandikia Pemba, waniandikie na sanda." Na bibi yangu hasemi kwa mapambo.

Kwa hiyo tulikuwa tunamhesabia matonge. Mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda bandarini kununua samaki wa kukausha, anarudi jioni. Mimi nasoma zamu ya mchana. Mama alikuwa anamwachia samaki mzuri, yule mnene, kwa ajili yake peke yake. Na sasa kuna watu wawili wenye tai na soksi wanakuja kumla.

Walikuja siku ya pili. Siku ya tatu walikuja hawajaambiwa karibu, wakasimama njiani wakitabasamu mpaka wakaambiwa. Wiki ya pili mzee alikuwa na mahali pake kwenye mkeka. Walileta picha za wajukuu, zilezile kila siku, watoto wote meno. Mzee alikuwa anacheka kabla hajafika mwisho wa kisa chake, na kisa kikifika mwisho hakina mwisho. Alisema "chakula hiki ni kizuri mno kabisa sana." Mkewe alisema "sisi ni wenye furaha." Wenye furaha! Kama wenye nyumba, wenye mji.

Mbaya kuliko yote, bibi akaanza kumwita yule mama wa soksi "mwenzangu."

Neno hilo halikuwa lake. Kabla hatujakimbia vita, bibi alikuwa akila sinia moja na majirani watatu, wanawake wa rika lake, kila mchana, kwa zamu ya mapishi. Walikuwa wanaitana mwenzangu, mwenzangu, huku wanasengenya mtaa mzima kwa mdomo uliojaa. Mmoja amezikwa Quiterajo alikokuwa amekimbilia, mmoja amebaki Pemba kwa mwanawe, mmoja hatujui. Nyumba zao sasa wanakaa watumishi wa serikali waliotoka kusini, wanakula mezani na mlango umefungwa, ukiwaambia karibu wanajibu "obrigado," ahsante ya Kireno, na simu iko sikioni. Neno la wale watatu bibi amelitoa hivihivi, kampa mwenye soksi.

Jioni nikirudi shule nilikuwa naenda jikoni kwanza. Sufuria: tupu. Sinia: limefutwa kama lililambwa na paka. Bibi: "Nimekula mjukuu wangu, nimeonja." Nikimtazama shingo naona mishipa. Nikamwambia mama, "Wale wanamla bibi." Mama akasema, "Mgeni hafukuzwi. Ukitaka kusema, kaseme wewe," akacheka, maana anajua mimi kusema siwezi.

Nikaandika. Nilichana ukurasa kwenye daftari, nikaandika kwa herufi kubwa za watu wazima wasioona vizuri:

"Wazee wetu, shikamoo. Huku kwetu mtu akila husema karibu kwa kila anayepita. Ni adabu tu. Anayepita hujibu: ahsante, nimeshiba, na huenda zake. Msione vibaya."

Niliandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo hayafai hata humu. Nikawapelekea asubuhi. Mama mzee akaisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, na kila alivyokwenda ndivyo shingo ilivyopanda wekundu. Nilifikiri atakasirika. Nilikuwa namwomba Mungu akasirike.

"Oh, binti," akasema. "Tumekuwa wageni wabaya mno."

"Hapana, shikamoo," nikasema. Ndilo neno lililotoka.

Mzee akaichukua karatasi, akavaa miwani, akaanza kufanya mazoezi palepale mlangoni. "Asante, tumeshiba. Asante, tu-me-shi-ba." Akaninyooshea kidole. "Vizuri?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikavuka njia kwa furaha ambayo leo naionea aibu kuiandika.

Mchana ule bibi akawaita, "Karibuni!" na wao, pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza, mkono tumboni: "Asante, Bibi, tumeshiba!" Wakapita. Bibi akacheka. "Leo wamekula mapema, hao." Nikaenda shule nikiwa mtu mwingine. Nilijibu swali darasani.

Wazee wale wakilishika jambo hawaliachii. Wakawa wameshiba mtaa mzima. Muuza maandazi aliwaambia karibu, yaani njooni mnunue, wakamwambia wameshiba. Fundi baiskeli aliwaambia habari za asubuhi, mzee akashika tumbo. Vijana wa pale njiapanda wakawa wanawachokoza makusudi: "Mzee, karibu!" "Asante, tumeshiba!" Vijana wanaanguka kwa kicheko. Nami nilicheka, kwa ndani, ninavyocheka.

Jioni ya nne ndipo nilipofunua sufuria nikakuta ugali mzima, umekauka, umekuwa na ngozi juu. Samaki chini ya kawa, mzima, jicho linanitazama.

"Bibi, hukula?"

"Nimeonja jikoni."

"Na jana?"

"Nimeonja."

Jana, nakumbuka, mama alisema paka wa jirani kanenepa.

Jumamosi hakuna shule, nikakaa naye mkekani. Nikamega, nikala, nikanyamaza. Yeye akamega kidogo, akalizungusha tonge vidoleni mpaka likawa gololi, akalirudisha.

"Kula, bibi. Nesi."

"Nakula na nani?"

"Na mimi."

"Wewe?" Akanitazama toka juu mpaka chini. "Kula na wewe ni kula na ukuta. Ukuta una nafuu, mjusi anapita."

Nikasema, na hii ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia, "Bibi, si wale wazungu walikuwa wanakumalizia chakula, na wewe unaonja tu jikoni, na ndiyo maana unakonda?"

Akaacha tonge. Akacheka mpaka akashika mbavu, zile mbavu.

"Wale? Wale wanakula, wale? Yule mzee tonge moja anatafuna mpaka linakuwa uji. Mwenzangu yeye anachambua samaki mwiba kwa mwiba kama anachagua mchele. Mimi ndiye nakula! Nawaonyesha. Nikimwambia 'finya hivi, mwenzangu, chovya hivi,' najikuta nimefinya mimi, nimechovya mimi. Anauliza jina la samaki, namwambia, namtajia na alivyokuwa anapikwa kwetu Quiterajo nilikozaliwa, nikija kuangalia sinia limekwisha. Kuonja jikoni ni maneno ya mwenye nyumba, mjukuu. Hujui hata hilo? Na wewe unasoma shule?"

Nilikuwa nimewacheka watu wawili kwa kuchukua maneno ya adabu wakayaamini, na mimi nimeyaamini ya bibi yangu, niliyezaliwa chumbani mwake.

"Sijui wameudhika na nini," akasema, akifunika kawa. "Labda nilizidisha chumvi."

Nesi alikuwa ampime Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Nikavuka njia. Mlango wao ulikuwa wazi, na kupitia mlangoni niliona meza: mayai mawili ya kuchemsha, moja kwa kila sahani, na biskuti za kopo. Wamefumba macho wanaliombea yai. Nikangoja. Walimshukuru kuku.

"Hodi. Bibi anawaita mle."

Mzee akasimama, uso wote umefunguka, mkono tumboni. "Asante, binti, tumeshiba!" Na akanikonyeza, kama tuna siri yetu mimi na yeye.

"Hapana, hii kweli. Karibuni kweli."

"Tumeshiba kweli!" akasema mkewe kwa furaha. Ukutani nyuma yake, karibu na kalenda, wameubandika ukurasa wangu. Mwandiko wangu, mkubwa, unaosomeka toka mlangoni. Ni adabu tu.

Nikajaribu kueleza kwamba kuna karibu ya mdomo na kuna karibu ya mtu. Nilianza kwa Kiswahili, nikaingia Kireno, nikatoka bila kitu. Mama mzee akatikisa kichwa kwa upole kama anayemsikiliza mtoto anayeimba. Nikarudi nyumbani nimelowa jasho.

"Wamesemaje?" bibi akauliza.

"Wameshiba."

"Nani kawafundisha uongo huo?"

Nikaenda jikoni, nikachukua birika la maji na beseni na kitambaa begani, nikavuka tena. Sikupiga hodi. Nikaenda mpaka kwa mzee alipokaa na yai lake, nikapiga goti, nikaweka beseni chini ya mikono yake, nikaanza kumimina. Kwetu mtu akishanawishwa mikono hawezi tena kusema ameshiba. Hilo sikuwa nimewaandikia. Lakini mkono ukimiminiwa maji unajua wenyewe la kufanya: mzee aliosha, akamtazama mkewe, mkewe akaleta yake. Sikusema neno, na wao, kwa mara ya kwanza tangu wafike mji huu, hawakusema neno.

Halafu nikashika njia na beseni langu, wao nyuma yangu, mikono juu inachuruzika maji kama madaktari wa kwenye sinema. Vijana wa njiapanda wakapiga mluzi. "Mzee, karibu!" Mzee akafungua mdomo, nikageuka nikamtazama, akaufunga.

"Mwenzangu!" bibi akapiga kelele toka kibarazani, akifunua kawa. "Ulinisusa?"

Sikwenda kokote mchana ule, kwa hiyo nikaona. Walichukua dakika nzima kuomba. Mzee alitafuna tonge moja mpaka likawa uji. Mkewe alichambua miba. Bibi alifinya, akachovya, akamwonyesha, akafinya, akasimulia, akachovya, akala nusu ya samaki yule mnene na kichwa chake, na mimi nikanyamaza kama ukuta wenye mjusi.

Alhamisi nesi alitazama mizani, akatazama kitabu chake, akasema tungoje mwezi mwingine, barua ya Pemba isubiri kwanza. Bibi alipowasimulia wazee wale, mama mzee akaangua kilio, akasema wamekuwa wakimwombea kila usiku, na kwamba ataandika kwao waambiwe jinsi maombi yanavyojibiwa. Akaandika kweli, akanisomea barua ili nimsahihishie Kiswahili cha salamu. Ilikuwa na Mungu, na bibi, na subira. Ugali haukuwemo, wala birika.

Ukurasa wangu bado uko ukutani kwao. Nilimwomba anirudishie, nikasema una makosa ya tahajia. Akasema hapana, binti, huo ni zawadi. Kwa hiyo kila mchana kabla ya shule naingia na beseni, napiga goti chini ya mwandiko wangu, na mzee ananyoosha mikono akisema, kila siku, akicheka kabla hajafika mwisho, "Asante, hatujashiba."