Arubaini ya Laila

Bi Ummulkheir wa Woodley amewakanda wanawake waliojifungua katika Nairobi hii mpaka baadhi yao wamekuwa nyanya. Huja na mafuta yake ya ufuta na maneno yake ya utani, na mtu hulainika, apende asipende. Basi saratani ya titi ilipomshika, na katikati ya matibabu mguu wake wa kushoto ukavimba na kuwa moto, alifanya alijualo: aliupaka mafuta, akaukanda. Bintiye Laila, mja mzito wa miezi mitano, alimkuta akiugulia, akamnyang'anya chupa na kumpeleka hospitali Hurlingham.

Daktari Nasimiyu alimweleza taratibu kwamba damu ilikuwa imeganda mshipani, na kuukanda mguu kungeweza kuing'oa ikapanda mapafuni. Saratani huigandisha damu, akasema, lakini wapo waliorithi damu inayoganda upesi, na hao wakipata saratani, au hata mimba, hatari huzidi. Je, kwao kuna aliyewahi kuvimba mguu hivi?

"Hakuna," akajibu Bi Ummulkheir.

Uongo mtupu, jamani! Mama yake alifia Lamu ndani ya arubaini ya uzazi, mguu umevimba. Nyanya yake alisema ni jicho la watu, akakataza kifo kile kisitajwe, maana jicho likitajwa hurudi. Na sasa alitaje mbele ya mja mzito? Hasha.

Lakini neno la mimba lilimkaa moyoni. Alimtazama Laila, aliyekuwa amekishika kiatu chake akingoja kumvisha, na mapenzi yakaishinda hofu.

"Daktari, nimekudanganya. Mama yangu alikufa mguu umevimba hivi hivi, na ndiyo kwanza amemzaa mdogo wangu. Mpime mwanangu."

Laila akapimwa. Alikuwa na damu ile ile ya mamake. Tangu hapo wakawa wanadungana tumboni sindano za kuzuia damu kuganda kila baada ya Maghribi, mama akimtania kwamba mtu mzima haogopi kisindano, kisha yeye mwenyewe anafumba macho zamu yake ikifika.

Laila alijifungua salama. Mama alimkanda mgongo tu, na kila asubuhi akamkagua miguu. Siku ya arubaini Laila akatoka nje na mtoto, anatembea vizuri, na Bi Ummulkheir akakaa mlangoni akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza.