Mguu wa Kushoto wa Mwalimu Klachi

Wapo watu wanaoanza kuzeeka macho, wapo wanaoanza meno. Mwalimu Klachi alianza goti la kushoto, na hakuna kiungo kingine ambacho angekililia vile. Ungemng'oa meno yote ya mbele angecheka na ufizi wake na kuendelea na safari. Lakini goti la kushoto ndilo lililokanyaga klachi, na klachi ndiyo iliyomlisha, ikamsomeshea binti, ikampa na jina.

Jina walimpa wanafunzi. Maisha yake yote ya kazi alifundisha watu udereva, na wimbo wake ulikuwa mmoja tu: "Klachi! Taratibu! Iachie kama unamlaza mtoto!" Ukiiachia kwa pupa, alikugeukia kana kwamba umemtukania mama yake. Wanaume wazima wenye ndevu walishuka kwenye gari lake wamelowa jasho, wakaapa hawatarudi, na kesho yake walikuwa wa kwanza getini. Mkali alikuwa, hilo halina ubishi. Lakini mtaa mzima hakuna aliyefundishwa naye akaunguza klachi.

Gari la mafunzo lilikuwa la kazi. La moyoni lilikuwa jingine, la michezo, kuukuu, milango miwili na viti viwili, pua ndefu, makalio mafupi, rangi ya kiini cha yai, na chini kiasi kwamba kuingia ndani ni sawa na kuketi mkekani. Alilinunua kabla hajaolewa. Mumewe, siku alipokuja kuposa, alilikuta uani linang'aa kuliko bibi harusi mtarajiwa, akalibatiza Bwana Mdogo. "Mimi nimeoa mke mwenye mume," aliwaambia rafiki zake hadi anaingia kaburini, na kila mara alicheka yeye kwanza.

Mumewe alipokufa, injini nayo haikukawia. Kisha goti. Bwana Mdogo akafunikwa turubai, kutu ikajifanyia karamu sakafuni, na kuku wa jirani wakaona kiti cha abiria kinafaa kutagia. Mwalimu naye akawa mtu wa kupelekwa. Majirani walimpa lifti kwa moyo mweupe, wakajuta. Alikaa kiti cha nyuma akikanyaga breki hewani, akisema "Kioo! Kioo cha pembeni!" na "Unakimbilia wapi, unafukuzwa?" mpaka lifti zikaanza kuadimika bila mtu kusema neno. Hakuwalaumu. Yeye hakutaka kupelekwa, alitaka kwenda, na mtu asiyeona tofauti ya hayo mawili hajawahi kunyang'anywa usukani.

Aliyelivua turubai ni Rivasi. Huyu alikuwa fundi mwenye gereji chini ya mlima, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima, lakini jina lilimng'ang'ania tangu ujana wake. Siku ya mtihani wa udereva alitakiwa kwenda mbele, akaingiza gia ya kurudi nyuma, akaikanyaga baiskeli ya mtahini. Mtahiniwa aliyefuata alipewa leseni kwa sababu tu alikwenda mbele. Rivasi alianguka mtihani mara nyingi hata watahini wakaanza kumuulizia hali ya nyumbani. Kila mtu alimshauri atafute kazi nyingine, isipokuwa Mwalimu Klachi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema siku hiyo uani, akimfukuza kuku kutoka kwenye kiti.

"Marahaba. Umefuata mayai?"

"Nimefuata gari. Nataka nilitengeneze."

"Injini imepasuka, we Rivasi. Na spea zake zilikwisha duniani."

"Ninayo injini nyingine. Ya kisasa, ya kigari cha familia kilichogongwa nyuma. Ndogo, nyepesi, inanusa mafuta tu, hainywi. Ila..." Akajikuna kisogo. "Inakuja na giaboksi yake. Ni otomatiki, haina klachi."

Mwalimu alimtazama kama aliyeletewa posa ya mlevi. "Otomatiki? Hilo si gari, hiyo ni lifti ya ghorofa. Unabonyeza, unapelekwa."

"Mwalimu, goti."

Akanyamaza. Rivasi akachukua ukimya ule kuwa ndiyo, akaja na winchi kabla haujavunjika.

Kuanzia hapo Mwalimu alihamia gereji. Alipewa kiti cha plastiki kivulini na kikombe chake cha chai, na akasimamia kazi kama anayelipwa mshahara. Aliona sakafu iliyooza ikikatwa na bati jipya kuchomelewa. Aliona milango ikinyooshwa kwa nyundo na kupigwa msasa hadi ikawa laini kama mgongo wa kijiko. Injini mpya iliingia puani mwa Bwana Mdogo ikabakiza nafasi ya kulaza mbuzi, lakini giaboksi ilikuwa pana, ikabidi mgongo wa katikati ya viti ukatwe na kujengwa upya. Kisha zikaja waya. Waya za kompyuta, nyingi, za kila rangi, na Rivasi amelala chali chini ya dashibodi akitukana kwa heshima kwa sababu mwalimu wake anasikia. Pedali za zamani, zote tatu, zikafunguliwa zikatupwa kwenye boksi la vyuma chakavu. Zikawekwa mbili, ya mafuta na ya breki, na ya breki pana kama kandambili.

"Na mguu wa kushoto utafanya nini?" aliuliza Mwalimu.

"Utapumzika."

"Haujazoea," alisema, na hakuna aliyemsikiliza.

Rangi ilipokauka, binti yake wa pekee alikuja na mumewe kuliona. Mkwe alilizunguka gari mikono mgongoni, akashindwa kujizuia, akalipapasa boneti kwa kiganja. Alikuwa kijana mwema, tatizo lake alikuwa amependa, na mapenzi hayafichiki. Binti aliona yote hayo, na alikuwa amerithi mdomo wa mama yake.

"Mama, tuelewane. Jumamosi tunakuja. Ukiliendesha mwenyewe kutoka hapa mpaka nyumbani, ni lako mpaka ufikishe miaka mia, na sitasema kitu. Ukishindwa, ataendesha mkweo. Wewe utakaa pembeni, tutakupeleka popote."

Neno lile la mwisho lilimchoma, lakini Mwalimu alimpa mkono hapo hapo mbele ya mafundi wote. Kushindwa kuendesha? Yeye?

Siku iliyofuata akaingia nyuma ya usukani, Rivasi pembeni, kwenye uwanja wa gereji. Akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena, starta ikapiga ukelele hata mafundi wote wakashika masikio.

"Ilishawaka, Mwalimu."

"Mbona haisemi?"

"Ndivyo ilivyo siku hizi."

Akaweka gia kwenye D, ya kwenda mbele, akaachia breki, na Bwana Mdogo akaanza kutembea mwenyewe, mpole, kama anayekwenda dukani. Mwalimu alifurahi hata machozi yakamlenga. Alipotaka kupunguza mwendo kwenye kona, mguu wake wa kushoto, bila kuomba ruhusa ya mtu, ulishuka kutafuta klachi. Ukaikuta breki, ile pana. Ukaikanyaga yote hadi chini, kama klachi inavyokanyagwa. Gari likasimama papo hapo, na paji la uso la Rivasi likasalimiana na kioo.

Mafundi walicheka hadi wakashikilia magari ya watu. Mwalimu naye alicheka. Mara ya pili alicheka kidogo. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Aliukemea mguu kwa sauti, akauficha chini ya kiti, akaukalia kabisa, lakini ikifika kona ulichomoka wenyewe. Rivasi akaufunga na kipande cha tyubu kwenye chuma cha kiti. Hapo ikawa balaa, kwa sababu mguu uliofungwa uliuchanganya hata wa kulia, akakanyaga mafuta badala ya breki, wakasimamishwa na rundo la matairi makuukuu.

Alizima gari, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki, akalia. Hakujificha wala hakujifanya ana mafua.

"Mguu huu nimeufundisha mimi mwenyewe, Rivasi," alisema. "Nimeufundisha mpaka hausikii la mtu, hata langu. Nitaua mtoto wa watu barabarani. Jumamosi nitampa mkwe ufunguo. Yaishe."

Rivasi alichuchumaa mbele yake, uvimbe mwekundu kwenye paji. "Unakumbuka ulichoniambia nilipoikanyaga baiskeli ya yule bwana?"

"Nilikuambia mengi. Mengine hayasemeki."

"Uliniambia, 'Mguu wako si mjinga, haujapewa kazi yake tu.'"

"Basi nilikuwa nakufariji."

"Nilifaulu," alisema Rivasi, akainuka, akamwita dereva wa teksi ampeleke Mwalimu nyumbani. Mwalimu alipoondoka, Rivasi alikwenda nyuma ya gereji kulitafuta lile boksi la vyuma chakavu.

Jumamosi Mwalimu alivaa gauni lake la kwenda harusini, kwa sababu hata ukinyang'anywa kitu si lazima uonekane umenyang'anywa. Binti na mkwe walimpitia, wakashuka naye mlima hadi gereji. Mkwe alikuwa amenunua miwani ya jua. Mwalimu aliiona, akafungua mdomo aseme lile alilokuja kusema, kisha macho yakatua kwenye bampa ya mbele. Pale palining'inia kibao cheupe chenye herufi L nyekundu.

"Nani kamfungia Bwana Mdogo uchafu huu?"

"Mwanafunzi lazima awe na L," alisema Rivasi. "Ni wewe uliyesema."

"Mwanafunzi gani?"

"Ingia umuone."

Aliingia kwa hasira, ili apate mahali pa kukalia akimtukana vizuri. Mguu wa kushoto ulishuka kama kawaida yake. Ukakutana na pedali.

Aliinama akatazama. Zilikuwa tatu, zile za zamani, na ya kushoto bado ina mpira wake uliolika upande mmoja, upande wa soli yake mwenyewe. Ya breki ilikuwa nyembamba tena, imesogezwa mahali pake. Akaikanyaga ya kushoto. Ikashuka laini, goti halikusema lolote. Akaiachia, ikapanda.

"Nimekuwekea klachi ya kisasa," alisema Rivasi akitazama paa la gereji. "Nyepesi. Kazi ngumu zote inafanya kompyuta."

Mwalimu alimkazia macho kwa muda, yale macho ya siku za mtihani. Kisha akafunga mkanda. "Panda," alisema.

Rivasi alipanda na taulo alilolikunja vizuri, akaliweka kwenye paji la uso, tayari kwa lolote. Binti na mkwe wakafuata nyuma na gari lao. Kwenye kona ya kwanza mguu wa kushoto ulishuka ukakuta kazi yake, wa kulia ukabonyeza breki, na Bwana Mdogo akapunguza mwendo kwa adabu zake zote. Kona ya pili, vilevile. Rivasi alilishusha taulo mpaka puani. Watu wa dukani wakapunga mikono, kinyozi akatoka na mteja mwenye nusu ya nywele, na Mwalimu akapiga honi ambayo haikuhitajika popote.

Katikati ya mlima, mkokoteni wa maji ukakatika gurudumu mbele yao. Mitungi ikabingirika. Mwalimu akasimama, pua ya gari juu, makalio chini, na gari la binti yake nyuma, karibu mno. Hapa ndipo alipowaliza wanafunzi wa kila rika. Rivasi mwenyewe alikuwa ameanguka mtihani hapa zaidi ya mara ambazo angependa zitajwe.

Mitungi ilipookotwa na njia kuwa wazi, Mwalimu hakuharakishwa na honi ya mtu. Breki ya mkono juu. Klachi chini. Mafuta kidogo. "Kama unamlaza mtoto," alijiambia, mguu wa kushoto ukapanda pole pole, pole pole, akaishusha breki ya mkono, na Bwana Mdogo akapanda mlima bila kurudi nyuma hata unywele. Rivasi alipiga makofi peke yake kama ukumbi mzima.

Nyumbani, binti alishuka akamkumbatia mama yake dirishani, akicheka na kulia kwa pamoja. Mkwe alivua miwani, akaisafisha, akaivaa tena, akasogea kwenye mlango wa abiria.

"Mama," alisema kwa unyonge, "sasa na mimi naweza kukaa pembeni? Kidogo tu?"

"Ngoja ashuke huyu. Na uangalie barabara, usiniangalie mimi."

Rivasi hakushuka. Alikuwa akihangaika na taulo lake. "Mwalimu, kuhusu ile klachi..."

"Haijaunganishwa na kitu," alisema Mwalimu. "Ni springi tupu."

"Umejua lini?"

"Kabla sijawasha. Maisha yangu yote nimekanyaga klachi, we mtoto, utanidanganya mimi?"

Rivasi akaona haya, mtu mzima na tumbo lake. "Samahani. Kama haikufai, nitaitoa."

"Thubutu uiguse!" Mwalimu aliushika mguu wake wa kushoto juu ya goti, akaupapasa kama mtu anayembembeleza mtoto. "Umenifanyia kazi maisha yote, huu. Usije ukauambia kwamba umestaafu."

Rivasi akashuka, mkwe akaingia akafunga mkanda. Mwalimu akatazama kioo cha ndani, cha pembeni, akakanyaga klachi mpaka chini, akaiachia taratibu, wakaenda.