Pikipiki ya Kwendea Samuye

Sikuwahi kuwa mtu wa kukaa. Mama yangu alikuwa akisema nilitembea kabla ya kutambaa, na ingawa sidhani kuna mtoto wa namna hiyo, nimezeeka na miguu ileile isiyotulia. Mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya hamsini, ilinisumbua kuliko wakati wowote. Nilikuwa karani wa pamba mjini Shinyanga, na mke wangu alikuwa kwa mama yake Samuye, ana mimba ya miezi minane.

Ilikuwa mimba ya pili. Mara ya kwanza alikwenda kujifungulia kwao, kama ilivyo desturi. Uchungu ukamzidi, wakamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumleta hospitali mjini, mtoto akazaliwa humohumo njiani, akafa kabla hawajafika. Mimi nilikuwa mbali, kwenye kituo cha kununulia pamba, msimu umepamba moto. Habari zilinifikia siku ya tatu, wameshazika. Tangu hapo nilikuwa na wazo moja tu kichwani: mkokoteni. Laiti pangekuwa na kitu chenye injini, nilijiambia, mtoto angepona.

Ndipo nikanunua pikipiki. Ilikuwa ya Kiingereza, ya silinda moja, yenye kigari ubavuni, na aliyeniuzia ni mzungu mmoja wa mgodi wa almasi wa Mwadui aliyekuwa anarudi kwao. Kwangu mimi nilinunua kigari. Pikipiki ilikuwa nyongeza. Mke wangu alipokwenda tena kwa mama yake tukapatana kwamba wiki mbili kabla ya siku zake nitamfuata, aje akae mjini karibu na hospitali. Aliitikia kwa kichwa. Sikuona kwamba hakusema kitu.

Sasa lazima niseme jambo linaloniuma hadi leo. Pikipiki ile ilikuwa inakwenda vizuri kabisa mpaka nilipoishika mimi. Zilibaki siku ishirini ajifungue, na kila jioni nilikuwa naizunguka uani, naigusa hapa, naifuta pale, roho haitulii. Jumapili moja nikashindwa kuvumilia. Nikatandika gunia chini, nikafungua kila kilichofunguka. Nikamwaga oili ya zamani na kutia mpya. Nikasugua plagi kwa msasa, nikakaza cheni, nikaifungua kabureta na kuipuliza. Halafu nikafika kwenye chujio la hewa, kile kikopo cha bati kinachozuia vumbi lisiingie kwenye injini. Wavu wake ulikuwa umechoka. Nikauosha kwa mafuta ya taa, nikaurudisha, na juu yake nikajaza pamba. Msidhani ilikuwa pamba hivi hivi. Ilikuwa daraja la kwanza, nimeichambua mwenyewe, nyeupe pe, haina hata kipande cha jani. Nikaishindilia kwa kidole gumba mpaka ikakataa kuingia, kama tulivyozoea kushindilia magunia kituoni, nikaidondoshea oili kidogo. Nilijiona fundi kweli kweli.

Nikapiga kiki. Moja tu, ikawaka, wakati zamani ilitaka tatu au nne! Nikacheka peke yangu. Nikatoka nayo barabarani, nikavuta mafuta, nayo ikakohoa kama mtu aliyepaliwa, ikatoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu. Ukiiacha polepole, inanguruma bila tatizo. Ukiitaka nguvu, inakufa.

Nikapakia gunia la mtama kwenye kigari, mahali pa mke wangu, nikaielekeza kwenye kale kamwinuko ka kuvukia reli. Haikufika nusu. Nikashuka, nikasukuma pikipiki na mtama wangu, watu wanatazama na wengine wanacheka waziwazi. Nyumbani nikafungua plagi, nikaikuta imejaa masizi kama chini ya sufuria. Nikaisafisha, ikaenda vizuri kwa muda mfupi, kisha yaleyale.

Nikaamua ni petroli. Nikamwendea mwenye duka, Mhindi mzee aliyekuwa akituuzia petroli kwa debe, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ametuchanganyia mafuta ya taa. Alimimina kidogo kwenye kifuniko, akanisogezea puani. Ilikuwa petroli safi, na mimi nikatoka pale bila hata kuomba radhi. Jumatatu nikaamua ni platini, vile vibati vinavyokata umeme wa plagi, nikazibana. Jumanne nikaamua cheche inachelewa, nikaisogeza. Jumatano nikaamua kabureta inabania mafuta, nikapandisha sindano yake, na moshi ukazidi mara mbili. Jirani mmoja aliniambia kwa huruma kwamba huenda kuna mtu ameionea kijicho. Nikamfukuza uani kwangu.

Mtu wa kunisaidia nilikuwa namjua tangu siku ya kwanza. Kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kulikuwa na fundi wa injini, mzee wa Kisukuma, mpole, aliyekuwa ameiona pikipiki yangu nilipoinunua na kuniambia nikiwa na shida nisisite kumwona. Nilimjibu kwamba injini ya kuchambua pamba na injini ya pikipiki ni mambo mawili tofauti. Nilisema vile mbele ya vibarua wake. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nami nilikuwa nimemtukana mkunga huku uzazi wenyewe uko njiani kwa maana zote. Kwa hiyo siku nne nzima nilikuwa napita nyuma ya kiwanda ili tusionane.

Alhamisi asubuhi akafika mtu wa baiskeli kutoka Samuye, ametota jasho.

"Mke wako anakuita," akasema. "Uende leo."

"Anaumwa?"

"Sijui mimi. Nimeambiwa niseme hivyo tu."

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nakumbuka nimeishika pikipiki kwa usukani, naisukuma kuelekea kiwandani. Niliona mkokoteni. Nilikuwa sijawahi kuuona, lakini niliuona.

Fundi alikuwa amekaa juu ya debe, anajifuta mikono.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, karani. Mhola?"

Hiyo ndiyo namna ya Kisukuma ya kuuliza kama hali ni njema, na hali haikuwa njema. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alisikiliza, wala hakunyanyuka.

"Kabla hujaigusa, ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Basi nitajie ulivyovigusa. Kimoja kimoja, kuanzia cha kwanza."

"Fundi, sina muda, mke wangu..."

"Mimi si nfumu, si mganga, nikupigie ramli. Sema ulichoshika."

Nilitamani kumtikisa. Badala yake nikaanza kutaja, huku nikizunguka pikipiki kama mbuzi aliyefungwa kambani. Oili. Plagi. Cheni. Kabureta. Kwa kila kimoja alitikisa kichwa tu. Habari ya chujio niliipitia haraka, maana hiyo ndiyo kazi pekee niliyokuwa na hakika nayo.

"Rudi nyuma hapo," akasema. "Ulitia nini?"

"Pamba. Lakini safi, fundi. Daraja la kwanza."

Hapo ndipo akasimama. Alikichomoa kikopo cha chujio, akakiweka pembeni, akasafisha plagi na kupiga kiki. Alipovuta mafuta injini ikapiga kelele hata vibarua wakageuka, ingawa bado ilikuwa inakosakosa kwa sababu ya yale mengine niliyoyavuruga. Akaizima. Akaingiza vidole ndani ya kikopo, akavuta pamba yangu, akavuta, ikawa haiishi.

"Hili ni robota, karani. Injini inakula petroli na hewa pamoja. Umeiziba pua, inakunywa petroli tupu. Plagi itaachaje kuwa nyeusi?"

"Nilitaka vumbi lisiingie."

"Halikuingia," akasema, na hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu kwangu.

Aliulowesha wavu mtupu kwa oili na kuurudisha bila pamba. Kisha akaanza kurekebisha platini, na cheche, na sindano, kila kitu mahali pake, kwa utaratibu ule ule wa kuniudhi. Yote hayo yalimchukua muda mrefu kuliko lile la kwanza.

"Kosa lilikuwa moja," alisema akiwa ameinama. "Haya matatu ni ya woga. Hebu kaa, unanizibia mwanga."

Sikukaa. Alipomaliza nikamwambia wabeja, yaani asante kwa Kisukuma chao, nikarukia kitini. Nadhani nilimwomba msamaha pia, ila injini ilikuwa imeshawaka na sina hakika kama alisikia.

Njia ya Samuye wakati wa kiangazi ni vumbi na mashimo. Pikipiki ilipanda kila mwinuko bila kukohoa, na kigari kitupu kikirukaruka pembeni yangu. Nilikuwa nasali na kutukana kwa zamu.

Nisimweke msomaji roho juu kama nilivyokuwa mimi: mtoto wetu wa pili alizaliwa hospitali ya mjini, siku kumi na mbili baadaye, mzima kabisa. Ninachotaka kusimulia ni kile nilichokikuta Samuye siku hiyo.

Nilimkuta mke wangu amekaa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, tumbo mbele, anakata viazi vya kukausha michembe. Mama yake aliponiona akaingia ndani, kwa heshima ya mkwe. Nilisimama pale, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope.

"Huumwi?"

"Siumwi."

Hasira ikanipanda, siwezi kuficha. "Sasa umeniitia nini? Unajua nilivyokuja?"

"Nilitaka kujua kama nikikuita utakuja."

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia habari za chujio, na pamba, na kwamba sasa iko sawa, kwamba kutoka pale hadi mjini ni muda mfupi tu, si kama ule mkokoteni, na kwani ule mkokoteni walikuwa wamefunga ng'ombe wangapi, wawili au wanne?

Aliweka kisu chini.

"Mwaka mzima unaniuliza mkokoteni," alisema. "Ng'ombe wangapi, tuliondoka saa ngapi, tulipita njia gani. Nimekujibu yote. Hujaniuliza hata siku moja mtoto alikuwa wa kike au wa kiume."

Nikakaa chini, pembeni ya mkeka, kwenye vumbi, nikamwuliza.

"Wa kike," alisema. "Alilia mara mbili, halafu akanyamaza."

Akakiokota kisu, akaendelea na kiazi alichokuwa nacho mkononi.