Mpira wa Tairi Chini ya Mota

Kazi yangu ni kupima mitetemo. Viwanda vya huku Mwanza huniita pampu ikianza kutikisika au feni ikianza kunguruma, nami hubandika kipimo changu kwenye chuma, nikasoma, nikawaambia kinachoumwa ni beringi, au shafti imepinda, au kuna boliti imelegea. Mara nyingi ni boliti. Watu hawalipendi jibu hilo. Wameshaniletea soda, wamenivalisha kofia ngumu, wanataka ugonjwa wenye jina kubwa.

Lakini mashine niliyoiogopa kuliko zote ni ya baba yangu mzazi, ya kusaga nafaka, kule Igoma. Asubuhi moja boliti ya mguu wa mota ilikatika mashine ikiwa inasaga. Mota ikaruka upande, mkanda ukachomoka na kupiga ukuta karibu kabisa na mama mmoja aliyeshika ndoo yake ya udaga, ile mihogo mikavu ya kusaga. Mungu saidia hakuumia. Ila kaka yangu, ambaye siku nyingi amekuwa akisema mzee hasikii, akawa amepata alichokuwa anakitafuta.

"Hasikii, na sasa mashine nusura iue mtu," aliniambia kwenye simu. "Afunge."

Baba akamnyang'anya simu, akafoka kwamba masikio yake ni mazima na boliti za siku hizi ni za bati. Walikubaliana jambo moja tu: nije nipime mimi, na nitakalosema ndilo litakalofuatwa.

Sikupenda hata kidogo. Kumwambia meneja wa kiwanda azime mashine ni kazi tu, unasaini na kuondoka. Huyu alikuwa baba yangu, na tangu tulipomvusha mama kwa kivuko cha Kamanga kwenda kumzika kwao, mashine ile ndiyo pekee iliyokuwa ikimtoa kitandani.

Nilimkuta ameshafunga boliti mpya, anasaga kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Shikamoo, baba."

Aliendelea kusaga. Nikamgusa bega, akageuka, uso umejaa unga. "Marahaba, mwanangu!" Sikulitilia maanani. Kwenye mashine hakuna anayemsikia mwenzake. Watu huongea kwa mikono, na mwenye shida kubwa hupiga kelele.

Nilimwomba azime, nikaomba na ile boliti iliyokatika. Alikuwa ameihifadhi kwenye kopo. Boliti iliyozidiwa ghafla huchanika ovyo, lakini hii ilikuwa na mistari laini, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ambayo ziwa huiacha mchangani likirudi nyuma. Maana yake ufa ulianza zamani, ukatambaa kidogo kidogo kila mota ilipozunguka. Swali likawa ni nini kilichokuwa kinaichezesha boliti hiyo muda wote huo.

Nikapiga magoti na kuchungulia chini ya mota. Kila mguu ulikuwa umekalia kipande cha tairi, kimekatwa kwa ustadi kama soli ya kiatu cha katambuga. Baba akanieleza kwamba jirani alilalamika ukuta wake unatetemeka hadi vikombe vinacheza kabatini, ndipo akaweka mpira. Wenye mashine wengi wa pale Igoma wamefanya hivyohivyo, na ukitazama haraka unaona wana akili: mpira unameza kishindo.

Shida ni kwamba boliti hushika kwa sababu imevutwa. Ukiikaza, chuma hurefuka kidogo mno, jicho halioni, na nguvu yake ya kutaka kurudi ndiyo inayoubana mguu wa mota kwenye fremu. Mpira hauwezi kuutunza mvuto huo. Unabonyea, kesho yake umebonyea zaidi, boliti inabaki imesimama tu. Hapo mguu unaanza kusugua huku na huku, nati inajifungua yenyewe, na boliti inapindwa na kunyooshwa mpaka inachoka. Baba naye kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alikuwa anakaza nati zote kwa spana aliyoivika bomba refu, anakaza mpaka anaguna.

Nilimweleza hayo kwa mikono na kelele, kwa mazoea ya mashineni tu. Akaelewa haraka, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe muda wote huu nakamua tairi!"

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa nimepata jibu la kumwokoa, maana boliti ile ingekatika hata kwa mtu mwenye masikio ya paka. Tukatoa mpira, tukaweka vipande vya chuma, tukafunga boliti mpya kwa spana yenye kipimo badala ya kuguna. Vipande vya tairi tukavihamishia chini ya fremu nzima, ili vikombe vya jirani navyo vipumzike. Mashine ilipowashwa, kipimo changu kilionyesha mguu na fremu vikitembea pamoja. Kichwani nilikuwa tayari nampangia kaka maneno.

Kisha baba akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye nyumba ya beringi, kile chuma kinachoishikilia. Mafundi wote hufanya hivyo, halafu huegemeza mpini kwenye sikio. Baba aliuma mpini kwa meno, akafumba macho. Mfupa wa taya hupeleka mtetemo kichwani hata pale sikio lilipochoka. Hilo nalijua kwa kazi yangu. Najua pia kwamba hakuna fundi anayeuma bisibisi yenye grisi kama sikio bado linamfaa.

Yule mama wa udaga alikuwa kwenye foleni na ndoo yake. Akanisogelea. "Siku ile mashine ilikuwa inagonga toka ilipowashwa, dada. Wote tulisikia. Tukajua na mzee anasikia."

Nikazima mashine. Nikasimama mbele ya baba, auone mdomo wangu. "Baba. Tangu lini?"

Nilijiandaa kufokewa. Badala yake alipangusa unga kwenye nyusi, taratibu, moja kisha nyingine.

"Tangu mama yako yupo," alisema. "Siku zile za mwisho sauti yake ilikuwa imeisha. Kila jioni ananiambia kitu. Mimi naitikia tu, eeh, eeh. Sikushika hata neno moja." Akanitazama mdomoni. "Wewe ulikuwepo. Alikuwa anasema nini?"

Ni kweli nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Nikamjibu kwa sauti ya kawaida, maana maneno ya namna ile huwezi kuyapigia kelele. Akainama, akaleta sikio.

"Eh?"

Nikarudia.

"Eh?"

Wanawake wa kwenye foleni walikuwa wanatutazama. Ikabidi nipaze sauti, mbele ya ndoo zao zote, kwa jambo ambalo mama alilinong'ona.

"Alikuwa anauliza kama umekula!"

Baba akainua uso. "Na mimi nikajibu nini?"

"Ulisema eeh!"

"Hata sikuwa nakula siku zile," alisema. "Afadhali nilisema eeh."

Nililia palepale, sikujificha, na yule mama wa udaga akanishika mkono. Baba aliokota spana yake, akaifuta kwa kitambaa, akanipa mgongo.

"Mwambie kaka yako atafute mtu wa kukaa kwenye swichi," alisema akiwa ameielekea mota. "Mtu mwenye masikio. Nati nitakaza mwenyewe."