Landrover ya Baba Juu ya Mawe

Harufu ya fila bado inanitia hasira. Ni ule uji mzito ambao mafundi hupaka kwenye bodi ya gari iliyobonyea, mkali, unachoma pua kutoka ndani. Juzi nilikuwa kwenye karakana moja ya jua kali hapa Kisumu, nimeshamshusha fundi bei mara mbili na ninajiandaa kumshusha tena, alipochukua kisu na kuanza kuukoroga. Nikalipa alichotaka, nikaondoka. Wanaonijua watawaambia kwamba hilo si jambo dogo.

Harufu hiyo ilijaa uani kwetu Nyalenda miaka ya themanini, nilipokuwa shule ya msingi. Baba alikuwa fundi wa magari, na alikuwa amenunua kwenye mnada wa serikali Landrover iliyostaafu upolisi. Ilivutwa kwa kamba hadi nyumbani ikiwa na rangi yake ya bluu, wavu madirishani, na nyuma mabenchi ya chuma yaliyonuka miguu na woga. Mama aliyaosha kwa sabuni, akayaosha tena, halafu akamwita mchungaji ayaombee. Baba alitaka kuwabebea wanawake omena, dagaa wa ziwani, kutoka Usenge hadi sokoni Kisumu, nao wakae kama watu, si juu ya magunia.

Bodi ya Landrover ni alumini, haishiki kutu, lakini chesisi ilikuwa imeoza kama jino. Baba alikata palipooza, akachomelea chuma kipya. Injini ya petroli, iliyokunywa kama mlevi mwisho wa mwezi, aliitoa, akaweka ya dizeli kutoka pikapu iliyopinduka karibu na Awasi. Injini na giaboksi zikakataa kuoana, akazichongea sahani ya chuma ya kuzipatanisha. Wavu akaung'oa, akatia vioo. Kazi yangu ilikuwa nati: niliziweka kwenye mikebe na kuzihesabu mara mbili, maana baba alisema nati inayobaki baada ya kazi, kuna mahali inaliliwa.

Mito ya mabenchi ilishonwa na jirani yetu mjane, tuliyemwita Nyar Usenge, binti wa Usenge, kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Mchana alishona nguo. Jioni alipika chang'aa, pombe iliyopigwa marufuku, kwa sababu cherehani peke yake haikuweza karo ya wanawe. Kila mtu alilijua hilo, wakiwemo polisi waliokuja kuinywa.

Gari likapakwa rangi ya maziwa. Ukilikwaruza, bluu ilichungulia, lakini nani angelikwaruza? Lilipoingia mtaani likikohoa ule mlio wake mzito, wanawake walitoka na karai kabla halijasimama. Hakuna aliyelikimbia. Kwa gari lililokuwa la polisi, huo ndio ulikuwa ukarabati mkubwa kuliko wote.

Kisha akaja koplo. Gari la kituo chao lilikuwa limekufa, akasema, na wao walikuwa na safari fupi tu. Akaizunguka Landrover akiipapasa kama ng'ombe wa mahari.

"Mzee, hii gari yetu umeirudishia ujana."

"Si yenu tena, Bwana. Niko na risiti."

"Msichana akiolewa," koplo akasema akicheka, "si bado anajua njia ya kwao?"

Baba naye akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akampa funguo. Gari likarudi jioni, tangi tupu, bila asante. Serikali ililitupa kwa uzee, baba akaliponya, serikali ikalitamani. Niliona hesabu hiyo haijumliki hata ukiirudia.

Mara ya pili walikuja Jumamosi mchana. Tulidhani ni safari fupi nyingine. Hawakwenda mbali. Waliingia mitaa ya nyuma polepole, gari likikohoa ule mlio wetu, na wanawake wakatoka na karai zao kuipokea omena. Milango ikafunguka yenyewe. Polisi, waliokuja kusaka chang'aa, hawakuhitaji kuvunja hata mmoja. Niliona Nyar Usenge akipandishwa, akikalia mto alioushona mwenyewe, na hakuangalia upande wetu.

Kesho yake, kwenye bomba la maji, mtungi wangu ulisukumwa nje ya foleni. "Mpisheni mtoto wa serikali," mama mmoja akasema, nao wote wakanipisha kwa heshima iliyoniumiza kuliko kofi. Nilichota maji kwanza, nikayamwaga njiani.

Nyar Usenge alipoachiliwa alikuja kwetu, akasimama mlangoni. Mama akamvutia kiti, hakukaa.

"Baba Akinyi," akamwambia baba, akimwita kwa jina langu, "nilisikia gari, nikajua ni wewe. Nilifungua mwenyewe."

Ni hayo tu. Akaenda zake.

Baba hakula. Asubuhi alivaa ovaroli, akaiinua Landrover kwa jeki, akatoa magurudumu na kuikalisha juu ya mawe. Akatoa injini, akaiuza. Akatoa giaboksi na ile sahani aliyoichonga kwa mkono. Nilimshika ovaroli nikilia, nikamwambia ni mwoga, akapigane na koplo, si na gari letu. Aliniomba tu mkebe wa nati, nami nikaupiga teke zikatawanyika uani.

Koplo aliporudi alikuta kuku kwenye benchi.

"Mzee, imekuwaje?"

"Imestaafu, Bwana."

Baba akarudi kutengeneza magari ya watu wengine, nami nikamkasirikia kwa miaka. Miaka ya tisini nilinunua pikapu yangu ya kwanza ya samaki. Siku moja afisa mmoja akaniegemea dirishani akasema wana safari fupi. Mimi, ambaye siwezi kununua nyanya bila ugomvi, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Sawa, Afande," na mkono wangu ukimpa funguo kabla sijafikiri. Nilikaa kando ya barabara, magunia yangu ya omena chini.

Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Alikuwa ameujua mdomo wake. Alijua kwamba wakija mara ya tatu ungesema ndiyo tena, na mara ya nne, mpaka Nyalenda nzima imalizike kubebwa. Kwa kuwa hakuweza kukataa, alihakikisha hakuna cha kuomba.