Probox Tupu ya Nasimiyu

Miaka kumi na mmoja Agneta Nasimiyu amekuwa akitoa vitunguu Lwakhakha na kuvishusha Kimilili, Bungoma na Kitale, na Probox yake haijawahi kufunga safari tupu. Gari tupu kwake ni hasara yenye magurudumu. Ndiyo maana alimwambia fundi ainue springi za nyuma, ili magunia saba yakikaa mle gari lisiburute mkia.

Jumamosi hiyo, kwenye shamba lililovunwa mahindi nje kidogo ya Kitale, sheria ya siku ya wanaoanza autokrosi, mchezo wa kukimbiza gari kati ya koni kwa saa, ilimtaka atoe kila kitu: gurudumu la akiba, jeki, hata mikeka ya miguuni. Koni zilipangwa kwa kupindapinda kwenye njia ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Kila mgeni alipewa mizunguko mitatu ya asubuhi. Asiyemaliza hata mmoja bila kuangusha koni, mashindano ya mchana atayatazama kwa macho.

Mzunguko wa kwanza Nasimiyu aliangusha koni tatu. Wa pili, nne. Kila alipokata kona, nyuma ya gari iliruka ikaenda ilikotaka yenyewe.

"Mama, hiyo gari ni ya mzigo," Kigen akamwambia. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa siku, jitu la Kapsokwony lisiloishiwa kicheko. "Si uache tu. Ama ukuje mwaka ujao na gari ya maana."

"Gari ya maana ni ile imesomesha watoto wangu watatu."

"Sijakataa, bana. Lakini vitunguu hazipimiwi saa."

Foleni nzima ikacheka. Nasimiyu alikuwa akimtazama Kigen kwa jicho lile analopimia gunia kabla halijapanda mizani. Gunia moja na robo, akakadiria, tena limefungashwa vizuri.

Akaenda kwenye meza ya Chelangat, msimamizi wa sheria.

"Dada, mwanafunzi anaweza kubeba mwalimu?"

"Eeh. Awe na helmeti na mkanda."

"Akae wapi?"

Chelangat akapindua karatasi, akaipindua tena. "Haijasema."

"Basi wangu atakaa nyuma."

"Nyuma?" Kigen, aliyekuwa amemfuata, akauliza. "Mwalimu hukaa mbele, aone barabara."

"Barabara nitaona mimi. Wewe lalia springi."

"Ati mimi ni mzigo?"

"Kama unaogopa gari ya vitunguu, sema, hawa wote wasikie."

Kigen akapanda, magoti yakafika kidevuni. Probox ikashuka, ikatulia. Chelangat akavuta mkanda wa Kigen mara mbili, kisha akainua mkono waanze.

Sasa hilo lilikuwa gari analolijua. Kona ya kwanza, ya pili, ya tano. "Breki, mama, breki," Kigen akapaza sauti nyuma, lakini Nasimiyu alifunga breki alipotaka yeye, si mapema wala kuchelewa. Kona ya mwisho mkia ulihama kiasi cha kiganja, ukarudi.

Chelangat akatembea njia nzima akihesabu. Koni zote wima. Kwa mwendo, Nasimiyu alikuwa wa pili kutoka mkiani.

"Jina langu liko mchana ama haliko?"

"Liko."

Kigen akajifungua mkanda. "Mchana utachukua mwalimu mwingine, sivyo?"

"Mwingine nimtoe wapi? Wote nimeangalia, ni wepesi. Enda ukule, na usikule kidogo."